Kompyuta yatambaa mtandaoni? Anza kutafuta hitilafu mezani, mlingoti baadaye

KILA ifikapo wiki ya mwisho ya Juni, maduka ya huduma za kompyuta katika miji ya Kericho, Litein, Kapkatet, Sotik na Bomet hufurika watu tangu asubuhi hadi usiku. Sababu inajulikana. Juni 30 ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti za kodi ya mapato kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA), na tangu mfumo wa iTax uchukue mahali pa fomu za karatasi katika miaka ya 2010, kazi hiyo hufanywa mtandaoni pekee. Mwalimu, muuguzi, karani wa kiwanda cha majani chai, hata kijana asiye na kazi lakini mwenye nambari ya PIN, wote hawana budi kupitia mlango huo mmoja. Anayechelewa hutozwa faini isiyopungua Sh2,000. Msimu huo ukipita, huja wa watahiniwa wa KCSE wanaoomba nafasi vyuoni, na ule wa wanafunzi wanaosaka mikopo ya HELB.

Ni nyakati kama hizo ambapo kompyuta huamua kutambaa. Kigurudumu huzunguka kwenye kioo bila kukoma, ukurasa hufunguka nusu, na mfumo humtoa mtu nje kabla hajabofya kitufe cha mwisho, alazimike kuanza upya ilhali dakika za kulipia zinahesabiwa. Mwenye duka huilaumu kampuni inayomuuzia intaneti. Asiposikilizwa, hununua kifurushi kikubwa zaidi. Aghalabu fedha hizo huenda na maji, kwa kuwa hitilafu haikuwa mlingotini hata kidogo. Ilikuwa hatua tatu kutoka kwenye kiti chake.

Makala haya yanaeleza namna ya kuisaka hitilafu hiyo kwa kompyuta ya mezani. Wenzangu katika chumba cha habari hupendelea tuandike tarakilishi, nami sina ugomvi nao. Lakini fundi wa Kapsoit hana neno jingine ila kompyuta, na kwa kuwa ndiye ninayemwandikia, neno lake ndilo nitakalolitumia.

Safari ya data

Unapofungua ukurasa wowote, ombi lako hutoka katika kompyuta kupitia kadi ya mtandao, likafuata kebo au mawimbi ya waifai hadi kwenye rauta. Kutoka hapo husafiri kwa waya wa fiber, redio au setilaiti hadi kwa kampuni ya intaneti, kisha Nairobi, na pengine Mombasa na chini ya bahari hadi ng'ambo. Majibu hurejea kwa njia iyo hiyo. Kipande kimoja kikiziba, safari nzima huchelewa, na mtumiaji aliyeketi mezani hawezi kutambua kwa macho ni kipande kipi.

Kwa hivyo kanuni ni kuanza karibu na kuelekea mbali, na kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Fundi anayebadilisha kebo, rauta na kifurushi kwa siku moja huenda akaponya ugonjwa, lakini hatajua ni dawa gani iliyotibu, na utakaporudi atatoza upya.

Kabla ya yote, fahamu ulichonunua. Kampuni huuza kasi kwa biti, ilhali kompyuta huhesabu mafaili kwa baiti, na baiti moja ina biti 8. Kifurushi cha megabiti 8 kwa sekunde, kikifanya kazi barabara, huleta megabaiti 1 kwa sekunde. Faili la megabaiti 60 litachukua dakika moja, na hapo hapana wizi wala hitilafu. Malalamiko kadhaa niliyowahi kuyasikia yangekwisha kwa hesabu hiyo peke yake.

Kipimo cha dakika moja

Kuna kipimo kisicho na gharama ambacho kimo ndani ya kila kompyuta ya Windows. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika cmd, kisha ubonyeze Enter. Katika dirisha jeusi litakalotokea, andika ipconfig. Utafute mstari wa Default Gateway. Nambari iliyo mbele yake, mathalan 192.168.1.1, ndiyo anwani ya rauta yako. Sasa andika ping 192.168.1.1 -n 50, ukiweka nambari yako mahali pa hiyo ya mfano.

Kompyuta itaigongea rauta hodi mara 50 na kukueleza kila hodi ilijibiwa baada ya muda gani. Kwa kebo nzima, jibu huja chini ya milisekunde 1 au karibu na hapo, na hodi zinazopotea ni sufuri. Kwa waifai, milisekunde chache zaidi si jambo la ajabu. Lakini ukiona hodi zinapotea, au muda unaruka kutoka 1 hadi 200 kisha kurudi 3, umeshapata jibu la nusu ya swali: hitilafu imo ndani ya nyumba yako, na kampuni ya intaneti haina hatia. Kipimo kikitoka safi, rudia kwa ping 8.8.8.8 -n 50, anwani ya Google iliyo nje kabisa ya jengo lako. Ikiwa hapo ndipo hodi zinapopotea, basi shida iko baada ya rauta.

Ni vyema kufanya kipimo hiki siku mambo yanapokwenda vizuri na kuandika matokeo kwenye daftari. Asiyejua hali ya kawaida ya mtandao wake hana cha kulinganisha siku ukiugua.

Kebo chini ya mlango

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa safarini kutoka Kericho kwenda Sotik nikiwa na kurasa za gazeti zilizohitaji kutumwa Nairobi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Nilisimama katika duka dogo la huduma za mtandao kando ya barabara. Dada aliyelisimamia alinikaribisha kwa heshima na kunionya mapema: “Mzee, mtandao wa huku ni wa polepole, utavumilia.” Alikuwa amewekeza bonasi ya majani chai ya familia katika kompyuta nne, na kwa mwaka huo pekee alikuwa amepandisha kifurushi mara mbili.

Faili langu lilipokwama kwa mara ya tatu nilimwomba ruhusa nijaribu kipimo nilichoeleza hapo juu. Kati ya hodi 50 zilizokwenda kwenye rauta iliyokuwa chumba cha pili, 11 zilipotea. Tuliifuata kebo kwa mkono. Ilipita chini ya mlango wa chuma, na kila mlango ulipofungwa ulikuwa ukiibana. Tulichukua kebo nyingine, tukaipitisha juu ya fremu, na kurasa zangu zikaondoka mara moja. Alinitazama, akatazama risiti za kifurushi alizozibandika ukutani, akacheka kicheko kisicho cha furaha. Mimi pia sikuwa na la kumwambia.

Kwa nini hodi 11 kati ya 50 ziharibu mambo kiasi hicho? Data hutumwa vipande vipande. Kipande kikipotea, mtumaji hana budi kukituma tena, na zaidi ya hilo hudhani kwamba njia ina msongamano, akapunguza mwendo kwa makusudi. Hasara ndogo ya vipande hivyo huzaa hasara kubwa ya kasi. Hata ukinunua kifurushi mara kumi ya kile ulicho nacho, kebo iliyobanwa itaendelea kuvipoteza.

Kebo ya kawaida ya mtandao ina nyaya 8 zilizosokotwa katika jozi 4. Kasi ya megabiti 100 huhitaji jozi mbili tu. Ile ya gigabiti 1 huhitaji zote nne. Uzi mmoja ukikatika, kompyuta mara nyingi haitakuarifu. Itashuka kimyakimya kwenye kasi ya chini au itayumbayumba. Fungua taarifa za kadi ya mtandao ndani ya Windows utazame kasi ya muunganisho. Ukiona 10 mahali ulipotarajia 100 au 1000, shuku kebo kwanza, kisha tundu la rauta. Urefu usizidi mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Panya pia ni wateja wa kudumu wa kebo hizi, hasa zikipita juu ya dari lenye maghala ya mahindi jirani.

Mara mojamoja hutokea kasoro nyingine. Fundi hulazimisha upande mmoja wa kebo utume na kupokea kwa wakati mmoja, ilhali upande wa pili unasubiri zamu. Ukurasa mdogo hufunguka, faili kubwa hukwama. Dawa ni kuacha pande zote mbili zijichagulie zenyewe, yaani mpangilio wa Auto.

Ndani ya kompyuta yenyewe

Kebo ikiwa nzima na kompyuta ya jirani kwenye rauta iyo hiyo inakwenda vizuri, geuka uitazame mashine yako. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Katika orodha itakayofunguka, bofya safu ya Network ili programu zinazokula mtandao zipande juu.

Mara nyingi utakuta Windows inapakua masasisho. Chukua sasisho la gigabaiti 1 kwenye kifurushi cha megabiti 8: ni takriban dakika 17 bila mtu mwingine kufungua chochote. Kompyuta tano zikifanya hivyo kila moja kivyake, saa nzima na ushei imekwisha. Katika mipangilio ya masasisho mna sehemu ya Delivery Optimization. Chagua kompyuta zigawane masasisho ndani ya mtandao wako pekee, wala si na kompyuta za watu wasiojulikana kwenye intaneti. La sivyo waweza kuwa unawagawia wengine kasi uliyoinunua. Programu za kuhifadhi picha mtandaoni nazo hupandisha mafaili bila kubisha hodi. Unapoona programu yenye jina la kiajabu inatuma data usiku kucha, hicho ni kirusi mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Maduka mengi ya eneo hili hutumia kompyuta za mtumba zilizotoka Ulaya. Si dhambi, ila mashine yenye gigabaiti 2 za kumbukumbu hushindwa na kurasa za leo hata mtandao ukiwa mwepesi kama upepo, na mteja atasema ni intaneti. Programu mbili za kupambana na virusi zilizowekwa pamoja hukagua kila kitu mara mbili, bakisha moja. Ikumbukwe pia kwamba Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, na mashine isiyopata tena viraka vya usalama ni shamba lisilo na ua.

Kuhusu waifai nitasema machache. Mabati huzuia mawimbi, na nyumba nyingi za kambi na maduka zina kuta au dari za mabati. Kijiti cha waifai kilichochomekwa nyuma ya kasha la chuma la kompyuta kiko mahali pabaya kuliko pote. Kipe waya wa kurefusha, ukiweke juu ya meza. Katika masafa ya gigahati 2.4, chagua chaneli 1, 6 au 11, kutegemea ipi isiyotumiwa na majirani. Na kompyuta ya mezani haitembei: ukiweza, ipe kebo.

Radi, mvua ya mawe na mikaratusi

Yapo mambo ambayo vitabu vya mafundi vilivyoandikwa ng'ambo havitakueleza, kwa sababu waandishi wake hawakuishi Kericho. Nyanda hizi za chai ziko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda miinuko hii mchana, ukakutana na ule wa kutoka mashariki, na alasiri mawingu hupasuka. Kericho na Nandi Hills ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, kiasi kwamba katika miaka ya 1960 wakulima wa mashamba makubwa ya Kericho walijaribu kuyarushia mawingu roketi ili kuinusuru chai.

Mvua hiyo huja na radi, na si lazima radi ipige jengo lako. Ikipiga karibu, umeme wa ghafla huweza kupita katika waya wowote mrefu wa shaba, ikiwemo kebo ya mtandao inayotoka nyumba moja hadi nyingine. Tundu la rauta au kadi ya mtandao likifa kabisa, ni rahisi kulitambua. Tatizo ni lile linalobaki nusu mfu: taa inawaka, muunganisho upo, lakini vipande vya data vinapotea. Ukikumbuka kwamba uzito ulianza kesho yake baada ya dhoruba, hamishia kebo kwenye tundu jingine la rauta na urudie kipimo cha hodi. Likiwa jipya linajibu vizuri, liwekee lile la zamani alama ya kalamu nyekundu ili asije mtu akalitumia tena.

Kinga ni kuchomoa nyaya zote mbili, ya umeme na ya mtandao, mara tu ngurumo inaposikika Mau. Wengi huchomoa ya umeme peke yake. Ukitaka kuunganisha majengo mawili, tumia waya wa fiber au redio badala ya shaba. Kioo cha fiber hakipitishi umeme.

Kisha kuna mikaratusi. Viwanda vya chai huchoma kuni kwa wingi ili kukausha majani, na kwa ajili hiyo kampuni na wakulima wadogo wamejaza vilima kwa miti hiyo inayokua upesi. Wanaopata intaneti kwa antena ya redio iliyofungwa juu ya paa wanahitaji njia iliyo wazi hadi kwenye mlingoti. Antena ikielekezwa leo juu ya miche ya mikaratusi, baada ya miaka michache itakuwa inatazama majani. Majani mabichi hunyonya mawimbi, na yakilowa hunyonya zaidi. Hapa dalili haifanani na ile ya kebo: kasi hupungua mwezi baada ya mwezi, huwa mbaya zaidi wakati wa mvua, na hupata nafuu kiangazi. Panda juu ya paa siku isiyo na mvua utazame kwa macho yako. Antena huenda ikahitaji mti mrefu zaidi wa kuifunga, au kuelekezwa kwenye mlingoti mwingine. Kukata miti ya jirani ni mjadala wa wazee, si wa fundi.

Watumiaji wa Starlink, huduma iliyoanza kuuzwa Kenya Julai 2023, wasidhani wameepuka. Sahani yake huhitaji anga wazi kwa upana, na mkaratusi mmoja tu ulio upande usiofaa hukata mawasiliano kila baada ya muda mfupi.

Shida ikiwa mbali

Ikiwa hodi za rauta ni safi, kebo ni nzima, na kompyuta zote zinalemewa kwa pamoja, basi ndipo inapofaa kutazama nje. Pima mara tatu kwa siku: saa kumi na mbili asubuhi, saa saba mchana na saa mbili usiku. Asubuhi ikiwa nzuri na usiku mbaya, mlingoti umeelemewa na watu. Kasi ikiporomoka ghafla katikati ya mwezi na kurudi mwezi mpya unapoanza, soma upya mkataba wa kifurushi chako; baadhi ya vile vinavyoitwa visivyo na kikomo hupunguziwa kasi mtumiaji akishavuka kiasi fulani.

Ukurasa ukichelewa kuanza kisha ukafunguka kwa kishindo, huenda kosa ni la DNS, daftari la intaneti linalogeuza majina kuwa nambari. Jaribu kuweka 8.8.8.8 au 1.1.1.1 katika mipangilio ya kadi ya mtandao.

Pengine kosa liko baharini. Hadi 2009 Kenya ilitegemea setilaiti zilizo umbali wa takriban kilomita 36,000 kutoka duniani, na kila ombi lilichukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi. Mikongo ya Seacom na TEAMS ilipofika Mombasa mwaka huo, kisha EASSy 2010, mambo yakabadilika. Hata hivyo mikongo hukatika. Mnamo Mei 12, 2024 EASSy na Seacom zilikatika katika pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko. Siku kama hiyo tovuti zilizo na seva humu nchini, ambazo data yake hubadilishwa Nairobi katika kituo cha KIXP, huweza kuendelea vizuri huku za ng'ambo zikisota. Ukiuona mgawanyiko huo, usiguse kebo yako.

Na jioni ya Juni 30, seva inayozidiwa yaweza kuwa ya iTax yenyewe. Fungua tovuti nyingine mbili. Zikifunguka upesi, mweleze mteja ukweli na umshauri arudi alfajiri, ila kama bado siku ipo.

Ukithibitisha kwamba hitilafu ni ya kampuni, peleka malalamiko yenye uzito. Andika kwa siku tatu saa ya kila kipimo, idadi ya hodi zilizopotea kwenye rauta na kwenye 8.8.8.8, na kasi uliyopata kwa kebo, si kwa waifai. Karani wa simu atakuambia uzime rauta na kuiwasha. Mweleze umeshafanya hivyo na umpe takwimu zako. Dai nambari ya kumbukumbu ya lalama hilo. Usiporidhishwa na majibu ya kampuni, unaweza kuliwasilisha kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo hutaka kwanza kuona kwamba ulianzia kwa aliyekuuzia huduma. Ndiyo maana nambari hiyo na daftari lako la vipimo visipotee.